Gari litakufa, betri itabaki: Kisangani tujitayarishe

Kila tunapozungumza redioni juu ya magari ya umeme, swali la kwanza la wasikilizaji ni lile lile: "Sasa betri ikifa, gari linakuwa nini?" Wengine wanajijibu wenyewe kabla hatujafungua mdomo: linakuwa banda la kuku.

Ninaelewa hofu hiyo inatoka wapi. Hapa Kisangani betri tunazijua kwa kufa kwake. Betri ya simu, mwaka wa pili inavimba na kusukuma kifuniko. Betri kubwa ya asidi kwenye kibanda cha kuchajia simu, ukiikamua kila usiku hadi tone la mwisho, haikai muda mrefu. Na ndugu zetu waliokimbia makao yao tangu mgogoro wa Lubunga mwaka 2023 wanajua taa za jua zinavyofanya: mwanzoni taa inawaka hadi alfajiri, mwaka ukipita inawaka hadi saa nne za usiku, kisha inazimika kabla watoto hawajamaliza kula. Mtu aliyezoea betri za namna hiyo, ukimwambia kuna gari linalotembea kwa betri tupu, atakucheka.

Lakini hesabu za magari zinasema kinyume. Kwa magari mengi ya umeme yanayotengenezwa siku hizi, gari ndilo linalochoka kwanza, na betri inabaki na nguvu. Hiyo ni habari njema. Ila inatuletea kazi ambayo tungefaa kuianza sasa, kabla magari hayo kuukuu hayajafika kwa wingi.

Tuanze na namba. Kampuni moja ya Kanada, Geotab, inayofuatilia magari kwa maelfu, ilitangaza mwaka 2024 kwamba betri ya gari la umeme hupoteza kwa wastani 1.8 kwa mia ya uwezo wake kila mwaka. Hesabu yao ya mwaka 2020 ilikuwa 2.3 kwa mia. Tuseme mbili, ili iwe rahisi. Gari lililokwenda kilomita 400 kwa chaji moja likiwa jipya, baada ya miaka 10 linakwenda kama kilomita 320. Halijafa. Ni kama tangi la mafuta limepungua ukubwa. Kampuni nyingi zinatoa garanti ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwamba betri haitashuka chini ya 70 kwa mia, na munajua wafanyabiashara, hawaahidi kitu ambacho kitawafilisi. Huko Marekani, kampuni ya Recurrent ilifuatilia magari kama 15,000 na ikasema mwaka 2023 kwamba, ukiacha yale yaliyorudishwa kwa sababu ya kasoro ya kiwandani, ni 1.5 kwa mia tu yaliyobadilishiwa betri.

Kuna jambo lingine lililonifurahisha. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba uendeshaji wa kweli, wa kukanyaga na kuachia, unaidumisha betri kuliko vipimo vya maabara ambavyo vinaikamua kwa mwendo mmoja bila kupumzika. Tofauti ilifika hadi 38 kwa mia. Kwa hiyo shimo linalokufanya upunguze mwendo, mbuzi anayevuka, toleka anayekukatiza mbele bila kutazama nyuma, vyote hivyo vinamkasirisha dereva, lakini betri havisumbui.

Mbona basi ya simu inakufa haraka? Sababu haina uchawi. Simu unaijaza hadi 100 kwa mia, unaimaliza hadi sifuri, kesho unarudia, na unaiweka kwenye jua au chini ya mto. Haina kitu cha kuipoza. Betri ya gari ni kubwa mno kwa kazi ya siku moja. Dereva anayezunguka kilomita 50 kwa siku anatumia sehemu ndogo tu, na anaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuchaji. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayozuia isijazwe kupita kiasi wala isikaushwe kabisa, na magari mengi ya sasa yana maji maalumu yanayozunguka kuipoza. Kisha kuna hesabu ya chaji zenyewe: betri nyingi za lithiamu zinavumilia kujazwa na kumalizwa mara 1,000 au zaidi kabla ya kuchoka. Kwa simu hiyo ni kama miaka mitatu. Kwa gari la kilomita 350 kwa chaji, mara 1,000 ni kilomita 350,000. Nani ana gari hapa Kisangani lililofika kilomita hizo na bado milango inafungika?

Sisemi kwamba zote ni nzuri. Nissan Leaf lilipotoka mwishoni mwa mwaka 2010, betri yake haikuwa na mfumo wa maji wa kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, jangwani Marekani, walianza kulalamika kwamba betri zao zinashuka haraka sana, na kampuni ikalazimika kuongeza garanti na baadaye kubadilisha mchanganyiko wa ndani ya betri. Joto ndilo adui. Mtu ataniambia: basi kwetu ndiyo kwisha kabisa, maana tumekaa karibu juu ya ikweta. Hapana. Kisangani ina unyevu unaochosha mwili, lakini mchana wetu mara nyingi unazunguka digrii 30. Phoenix, mji mkuu wa Arizona, unapita digrii 40 kwa wiki nyingi mfululizo. Joto letu betri inalivumilia. Kinachokula gari hapa ni mvua, kutu na barabara. Muulize dereva yeyote anayetoka Bafwasende kwa barabara ya kitaifa namba 4 kama kilichomkwamisha kilikuwa injini au matope. Springi, boli, chini ya gari, milango: hivyo ndivyo vinavyokufa. Kwa gari la umeme ninaongeza tahadhari moja, kwa kuwa betri yake imelala chini ya sakafu. Jiwe moja la barabara zetu linaweza kuipasua kasha lake, na hapo umri wote niliouhesabu juu hauna maana.

Sasa, magari gani yatafika kwetu? Hatutakuwa wa kwanza kuyapata yakiwa mapya. Ethiopia mwaka 2024 ilifunga mlango kwa magari mapya ya mafuta kutoka nje, ila Ethiopia ina umeme wa mabwawa yake makubwa. Sisi tuna bwawa la Tshopo, la miaka ya 1950, ambalo mashine zake zinaharibika zaidi kuliko mto unavyopungua, na kila mtu anajua jina la kampuni anayoilaani usiku umeme ukikatika. Magari yetu yatafika kama magari yote yanavyofika: ya mkono wa pili, yameshatumika Japani au Ulaya au Dubai, yamepita Mombasa au Dar es Salaam na Uganda, au yamepanda mto kutoka Kinshasa. Yatakuwa na miaka 8, 10, 13. Kwa gari la mafuta, fundi wa garaji anafungua boneti, anasikiliza injini, anatazama moshi, anakwambia chukua au acha. Kwa gari la umeme hakuna cha kusikiliza. Gari lenye betri ya 85 kwa mia na lile lenye betri ya 50 kwa mia yanang'aa sawasawa, na muuzaji atataka bei moja.

Lakini afya ya betri inaonekana, kwa anayejua pa kutazama. Leaf, kwa mfano, lina vijistari 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Kila betri ikichoka, kimoja kinazimika na hakirudi. Kipo pia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwa simu, kinachotoa namba kamili. Hiyo ndiyo karatasi ninayotaka Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, iidai mpakani: namba ya afya ya betri, iliyopimwa, iandikwe kwenye hati za gari kabla halijauzwa. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri mpya ya gari la umeme inayouzwa kwao iwe na pasipoti yake, ambayo inasema imetengenezwa wapi na kwa madini gani. Wao wanalinda soko lao. Sisi tunakubali kuuziwa kitu ambacho hakina hata cheti cha kuzaliwa.

Kwa wenye pikipiki kuna njia nyingine, na mimi ninaona itafika Kisangani kabla ya gari. Huko Kigali kampuni ya Ampersand inamuuzia dereva pikipiki bila betri. Betri inabaki mali ya kampuni: ikiisha, dereva anasimama kituoni, anatoa ile tupu, anachukua iliyojaa, analipia umeme alioutumia na anaendelea. Betri ikichoka, hasara si ya dereva. Tangu Januari 2025, Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za mafuta kwa kazi ya teksi mjini Kigali. Nairobi nako vituo vya kubadilisha betri vimeongezeka. Ninachopenda katika mpango huo ni kwamba wamekubali ukweli ambao wengi wanaukimbia: pikipiki na betri hazina umri mmoja, basi zisifungwe pamoja kama ndoa.

Hapo ndipo ninapotaka ndugu zetu walio kambini na wenyeji waliowapokea wanisikilize, kwa sababu taa ya jua ni gari hilo hilo lililogeuzwa. Kwenye gari, betri inaishi kuliko gari. Kwenye taa, ile paneli ndogo inaweza kufanya kazi miaka 20, na balbu yake miaka mingi, lakini betri ndani inakufa mwaka wa pili au wa tatu. Kwa kuwa kasha limefungwa kwa gundi, familia inatupa vyote vitatu kwa sababu ya kimoja. Nimeona taa za namna hiyo zimerundikwa nyuma ya nyumba, paneli bado nzima. Mashirika yanayogawa taa yanapaswa kuulizwa swali moja rahisi kabla ya lori kushushwa: kasha hili linafunguka kwa bisibisi? Betri yake ni ya aina inayopatikana sokoni? Kama jibu ni hapana, wanagawa takataka ambayo bado haijafika tarehe yake.

Na betri kubwa ya gari lililokufa inaweza kufanya kazi ambayo taa elfu haziwezi. Tuhesabu pamoja. Leaf la kwanza lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Tuseme imechoka hadi 60 kwa mia: inabaki kama 14. Tusiikamue yote, tutumie 10. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa sita kwa usiku inakula wati-saa 30. Kilowati-saa 10 zinawasha balbu zaidi ya 300 usiku mzima wa jioni hadi saa sita. Au zinachaji simu kama 500. Betri ambayo haiwezi tena kumfikisha dereva Bangboka na kurudi bila wasiwasi inaweza kuwasha kituo cha afya ambako mama anajifungua kwa mwanga wa simu ya muuguzi, na bado ikabaki ya kuchaji simu za kambi nzima. Ili kuijaza kila siku kwa jua letu zinahitajika paneli kubwa sita au saba, za wati 450 kila moja. Ni gharama, sikatai. Lakini ni gharama ya kitu kinachoonekana.

Hii si ndoto yangu. Amsterdam, uwanja wa mpira wa Johan Cruijff Arena uliweka mwaka 2018 ghala la umeme lenye betri sawa na za magari 148 ya Leaf, nyingine zikiwa zimetoka kwenye magari yaliyotumika. Ghala hilo linaweza kutoa megawati 3. Kama betri kuukuu zinafaa kwa uwanja wa mpira wa Uholanzi, zinafaa kwa zahanati ya Lubunga.

Ila mtu asiondoke hapa na kwenda kufungua betri ya gari kwa nyundo. Ndani yake kuna umeme wa volti karibu 400, na huo hauchomi vidole tu, unaua. Ikitobolewa inaweza kuwaka moto ambao ndoo ya maji haiwezi kuuzima, na moshi wake ni sumu. Betri ya Leaf ina moduli 48, kila moja kama kitabu kikubwa, na mara nyingi ni chache tu ndizo zilizochoka. Fundi aliyefundishwa anazipima moja moja, anatoa mbovu, anaunganisha nzima. Fundi ambaye hakufundishwa anaacha wajane. Kwa hiyo INPP, shule za ufundi na kitivo cha sayansi cha UNIKIS wana kazi hapa, na vijana wa garaji za Makiso na Mangobo ndio wanafunzi wa kwanza ninaowafikiria, kwa sababu wao wataletewa magari hayo wapende wasipende.

Tunajua pia kinachotokea betri zikikosa mwenyewe. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri za asidi karibu na nyumba za watu ili kupata madini ya risasi. Watoto waliugua kwa sumu ya risasi. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mahakama ya Mombasa iliamua mwaka 2020 wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ya Kenya ikasimama upande wao Desemba 2024. Miaka mingi ya kesi, kwa betri ambazo mtu angeweza kuzikusanya vizuri tangu mwanzo. Betri za lithiamu hazina risasi, lakini zikitupwa kwenye parseli au kuchomwa jalalani zitatupatia kesi yetu wenyewe.

Sisi Wakongo tuna sababu nyingine ya kutozitupa. Zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, wingi wake Lualaba na Haut-Katanga. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande, na Oktoba ikaanza mfumo wa viwango kwa kila kampuni. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi Lusaka mapatano ya kujenga tasnia ya betri. Mazungumzo yote hayo ni ya betri mpya. Lakini gari likifa Ulaya na betri yake ikayeyushwa huko, kobalti inabaki huko: sheria yao inasema kuanzia mwaka 2031 betri mpya ziwe na angalau 16 kwa mia ya kobalti iliyorejelewa. Wameelewa kwamba betri kuukuu ni mgodi. Si kila betri ina kobalti, Wachina wanatengeneza nyingi za chuma na fosfati ambazo hazina hata gramu moja, tena hizo zinaishi muda mrefu zaidi. Lakini ile yenye kobalti ikirudi Kisangani ndani ya gari chakavu, ni madini ya Kolwezi yaliyorudi nyumbani baada ya kuzunguka dunia, na mtu wa jalala atakuwa anayanunua kwa bei ya chuma.

Ninachoomba kwa serikali ya jimbo ni mahali pamoja, penye ukuta na mwenye daftari, pa kupokelea betri za lithiamu zilizochoka, kubwa na ndogo, pamoja na fundi wa kuzipima. Isisubiri gari la kwanza la umeme ligonge mti kwenye barabara ya Bangboka. Pangeweza kuanza wiki hii na taa za kambi, ambazo zimeshakufa kwa mamia ya nyumba.

Wakati tunasubiri: wenye taa zilizozimika, musizichome na musiwaachie watoto wazifungue. Betri iliyovimba iwekeni nje, mbali na makaa, mbali na godoro. Paneli ikiwa nzima, itunzeni hata kama taa imekufa, maana fundi wa redio anaweza kuiunganisha na betri nyingine. Na wewe ndugu uliyeniuliza kama uweke akiba yako kwenye gari la umeme la mkono wa pili ambalo mjomba wako amelionea Kampala: mwambie alipige picha kipimo cha betri, ahesabu vijistari, kisha achuchumae na atazame chini ya sakafu kama kasha limegongwa. Akikataa kufanya hayo mawili, baki na toleka.